Nerima Amfuata Mtoto Lunyo

Mkono ulifunguka wenyewe. Ndivyo Nerima alivyowaeleza watu baadaye, na wengi hawakumwelewa. Alikuwa ameinama juu ya beseni uani mwa nyumba ya kupanga, mkono wa kulia umemshika mtoto kwapani, wa kushoto unampaka sabuni kichwani. Trevor alikuwa na miezi saba, mnene, anateleza kama kambare. Mara vidole vya kulia vikalegea, kimoja baada ya kingine, na mtoto akazama chali ndani ya maji.

Maji hayakuwa mengi, ila yalitosha kuufunika uso wake. Nerima aliona macho ya mtoto yakimtazama kutoka chini ya povu. Akashika bega, vidole vikateleza. Akashika mkono, vikateleza tena. Alikuwa akipiga mayowe bila kujua kama ni yeye. Mama mkwe wake, Benedeta, aliyekuja kuwatembelea kutoka Lunyo, alitoka ndani mbio, akamsukuma kando kwa nyonga, akamchomoa mtoto kwa mguu mmoja. Trevor akakohoa, akatapika maji, kisha akaangua kilio.

"Nyasaye wange! Mungu wangu!" Benedeta alimkumbatia mtoto kifuani, gauni lake refu la gomesi likalowa lote. "Nerima, mikono yako iko na nini?"

Nerima alikuwa amekaa chini kwenye tope la sabuni. Mkono wa kushoto ulikuwa ukitetemeka hovyo, akaukalia ili usionekane.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja kabla hajashika mimba, jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu kwa majuma kadhaa, kisha likapona lenyewe akasahau. Mimba ilipita vizuri, hata akasema hajawahi kuwa na nguvu kama wakati ule. Ni baada ya kujifungua ndipo vikombe vilipoanza kumponyoka. Yeye kazi yake ilikuwa kuuza chai na chapati karibu na maegesho ya malori pale Busia, upande wa Uganda, ambako madereva husubiri karatasi zao zigongwe muhuri. Hapo ndipo alipokutana na Vincent, Msamia wa Lunyo anayeendesha lori la kwenda Juba, akaacha kwao Matayos upande wa Kenya akaolewa. Madereva walipoona chai ikimwagika kwenye sahani kabla haijafika mezani, walianza kutaniana kwamba mama wa chai siku hizi anaonja pombe ya Waragi kwanza. Nerima alicheka pamoja nao. Nyumbani alisema ni uchovu wa kunyonyesha.

Sasa uchovu ulikuwa nusura umuue mtoto.

Kesho yake asubuhi Benedeta alikunja nguo za Trevor, akaziweka kwenye mfuko, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mimi nakwenda na yeye," alisema. "Mikono yako ikipona, kuja chukua mtoto yako. Sijamnyang'anya mtu."

Nerima alimtazama mumewe. Vincent alikuwa anatazama sakafu.

"Ni kwa muda tu, mama Trevor," alisema.

Hakuna aliyemgombeza wala kumtukana. Laiti wangemtukana, angepata la kujibu. Kilichomfunga mdomo ni kwamba moyoni mwake na yeye aliiogopa mikono ile kama walivyoiogopa wao. Alibaki amesimama uani, maziwa yakimchuruzika kifuani, akisikia mlio wa pikipiki ukipotea upande wa barabara.

Vincent alihangaika naye hospitali hadi hospitali. Daktari mmoja alisema ni damu kupungua, mwingine akasema ni presha, jirani akasema kuna mtu amemtupia kitu. Mwishoni walivuka mpaka wakaenda Kisumu, Nerima akalazwa ndani ya mashine kubwa inayopiga picha za ubongo, inayogonga kama mtu anayefua mabati. Daktari aliwageuzia picha zile wazione.

"Huu ugonjwa tunauita MS," alisema. "Mwili una askari wake wa kupambana na maradhi. Wako wamekosea adui. Wanatafuna ganda linalofunika mishipa ya fahamu, kama panya anavyotafuna plastiki ya waya wa stima. Ubongo unatuma ujumbe kwa mkono, ujumbe unafika umekatikakatika. Ndiyo maana ya kulegea, na ya kutetemeka pia."

"Dawa iko?" Vincent aliuliza.

"Iko ya kupunguza mashambulizi. Ya kuumaliza, bado haijapatikana."

Nerima hakusikia yaliyofuata. Alikuwa anasikia sauti ya Benedeta mlangoni: mikono yako ikipona, kuja chukua. Na huyu bwana mwenye koti jeupe amesema mikono haitapona.

Daktari huyohuyo ndiye aliyempa jina la Phiona.

Phiona alikuwa na chumba chake cha kazi Tororo, chumba kidogo chenye meza, jiko la mkaa lisilowashwa, kitanda, sufuria, ndoo na vifungo vya nguo vilivyoshonwa kwenye ubao. Ukiingia ungedhani umeingia nyumbani kwa mtu. Wenzake wa hospitali humwita O.T., na kazi yake ni kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku: kuvaa, kula, kupika, kuandika, kushika mtoto. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Mulanda, na Kiswahili chake alikiokota sokoni.

Hakuuliza habari za picha za ubongo. Alivuta kiti akakaa.

"Tangu asubuhi, kitu gani imekushinda?"

"Kufunga sidiria," Nerima alijibu.

"Na nini ingine?"

Nerima alitaka kusema kikombe. Badala yake akasikia mdomo wake ukisema, "Kumshika mtoto wangu," na baada ya hapo hakuweza kusema tena. Phiona alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akachukua kijiko mezani, akakizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka mpini ukawa mnene kama gunzi la hindi.

"Shika."

Nerima alishika. Kijiko kilitulia kidogo, kisha kikaanza kucheza.

"Sasa weka kiwiko juu ya meza. Bana mkono kwenye mbavu. Usiuache mkono uende mbali peke yake, huko mbali ndiyo unatetemeka zaidi. Nguvu yako iko hapa karibu na mwili."

Phiona akakitia maji; kijiko bado kilicheza, ila si kama mwanzo, na maji yakafika mdomoni.

Akaanza kwenda Tororo mara kwa mara, kwa taxi ya asubuhi kabla jua halijawa kali. Phiona alimfundisha kufinya unga uliokandwa, asifinye mpaka achoke, aache kabla ya kuchoka. Alimfundisha kushika kifundo cha mkono mmoja kwa mkono mwingine, kufanya kazi amekaa, kunywea kikombe chenye mfuniko na mashikio mawili. Alimshonea bangili ya kitambaa cha jinzi iliyojazwa mchanga, ili uzito uutulize mkono wa kushoto. Kwa Nerima bangili ilisaidia siku nyingine na siku nyingine ikamchosha tu, na Phiona akasema basi, aivae siku inapomfaa. Juu ya yote alimwonya kuhusu joto. Jua na moto wa jiko vinaamsha ugonjwa. Kazi ngumu ifanywe asubuhi, na mchana awe na kitambaa chenye maji baridi shingoni.

Halafu walifika kwenye mfuko. Ulikuwa mfuko wa mchanga wenye uzito wa Trevor, umeviringwa leso. Nerima alijifunza kuunyanyua kutoka chini akiwa amepiga magoti, si akiwa ameinama. Kuubeba kwenye mkono wote mpaka kwenye kiwiko, si kwa vidole. Kuubana kifuani, kuulaza, kuunyanyua tena. Alifanya hivyo akiuma meno. Siku aliyouzungusha chumba kizima bila kuuangusha, alimgeukia Phiona macho yakiwaka.

"Sasa naweza kumchukua mtoto wangu?"

"Bado," Phiona alisema. "Mchanga haujitupi nyuma ukikasirika. Haukojoi, haukuvuti nywele. Wiki ijayo lete mtoto na bibi yake, tuanze hapa, mimi nikiwa karibu. Natafuta pia kibebeo cha mitumba, kile cha vibana vikubwa. Fundo la leso kwa vidole vyako ni hatari."

"Bibi yake hataki kuja. Anangoja nipone."

Phiona aliuweka mfuko kando. "Nerima, mimi siwezi kukuambia uongo. Haya mazoezi hayaondoi ugonjwa. Kuna siku mkono utakataa hata ufanye nini. Siku hiyo kitu cha kwanza ni kusema kwa mdomo: mkono umekataa. Unaambia mtu aliye karibu. Umenisikia?"

Nerima alisema amesikia.

Wiki ile ile Benedeta alipiga simu, kama kawaida yake, ili mtoto asikie sauti ya mama. Alipenda kuweka simu sikioni mwa Trevor na kumhimiza. Lakini siku hiyo mtoto alikuwa analia kwa mbali, Nerima akasikia neno likitoka katikati ya kilio, neno la kwanza safi la mtoto wake.

"Mama! Mama!"

Na Benedeta akajibu, kwa sauti laini ambayo Nerima hakuwahi kuisikia kwake, "Niko hapa, niko hapa."

Nerima alikata simu. Akampigia Vincent. Simu ililia kwa muda mrefu. Alipopokea, nyuma yake kulikuwa na makelele ya malori yaliyokwama.

"Ngoja nirudi, tutaenda wote," Vincent alisema.

"Utarudi lini?"

"Barabara ya huku mvua imeiharibu. Ngoja tu, mama Trevor. Usigombane na mama."

Hakungoja. Asubuhi alivaa gauni lisilo na vifungo, akajitupia leso mbili mabegani, akapanda pikipiki ya kwenda Lunyo. Njiani alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mama mkwe, maneno ya heshima, maneno ya kuomba. Alipofika, Benedeta hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwenye mashine kusaga muhogo. Uani alikuwepo Lillian peke yake, mdogo wake Vincent wa mwisho, anaanika nguo, na Trevor kwenye mkeka chini ya ukingo wa paa, anagonga kifuniko cha sufuria.

"Wifi! Karibu! Mama ametoka sasa hivi."

Maneno yote ya heshima yalimtoka Nerima kichwani. Alimwona mtoto tu. Amerefuka, meno yametoka. Akapiga magoti, akanyoosha mikono, na Trevor akamkazia macho kama anavyomtazama mgeni, mdomo ukajipinda, akageuka kumtafuta Lillian.

Hapo ndipo kitu kilipomkatika ndani.

"Nimekuja kumchukua," alisema. "Mama anajua. Tumeongea."

Lillian alisita, nguo mbichi mkononi. "Hajaniambia."

"Amekubali. Mpigie ukitaka."

Alijua simu ya Benedeta haisikiki kwenye mashine, kwa ule mngurumo. Lillian alijaribu, akajaribu tena, kisha akashusha simu. Atamwambia nini mke wa kaka yake? Mtoto ni wake.

Nerima alimnyanyua Trevor kama alivyofundishwa, kwa magoti, kwa mkono wote. Mtoto alikuwa analia na kujipinda, lakini mikono ilimshika. Ilimshika! Akamweka mgongoni, akainama, akapitisha leso.

"Leta nikufungie," Lillian alisema.

"Nitafunga mwenyewe."

Vidole vilitetemeka juu ya fundo. Akalivuta kwa meno. Lilikuwa fundo, lilionekana kama fundo. Akaifunga leso ya pili juu yake, akaondoka kwa haraka kwenye kijia cha katikati ya mihogo, bila kugeuka nyuma, akidhani kila mtu anayekuja mbele yake ni Benedeta anarudi na unga kichwani.

Alitembea zaidi ya alivyofikiri. Barabarani hakukuwa na pikipiki. Jua lilikuwa limepanda, mgongo ukawaka kwa joto la mtoto, na hakuwa amekula kitu tangu alipoamka. Alipompata mwendesha boda, mtu mzima mwenye mvi kidevuni aliyejitambulisha kwa jina la Ojiambo, miguu yake ilikuwa tayari mizito na lile jicho la kushoto limeanza kuona ukungu pembeni.

"Nakupeleka Busia?"

"Busia. Haraka."

Pikipiki ikashika njia. Kwa muda upepo ulimpoza, na Nerima akathubutu kufurahi. Mtoto wake yuko mgongoni. Atamwogesha kwa kitambaa, amekaa chini. Atampikia uji. Atalisikia lile neno, na safari hii atajibu yeye.

Kisha akahisi leso ya juu ikilegea.

Alipeleka mkono wa kulia kifuani. Vidole viligusa kitambaa lakini havikukamata. Vilikuwa kama vidole vya mtu mwingine. Akapeleka wa kushoto. Huo ulikuwa unaruka, unagonga fundo badala ya kulishika. Trevor alianza kulia tena na kujisukuma nyuma kwa miguu, kwa nguvu zote za mtoto asiyetaka kufungwa, na kila alipojisukuma leso iliteleza chini kidogo.

Amwambie dereva asimame? Akisimama ataona. Atauliza. Huku watu wanajuana. Habari itakuwa Lunyo kabla yeye hajafika Busia, kwamba mke wa Vincent alimwiba mtoto na nusura amwangushe barabarani. Hawatamrudishia tena, hata kumgusa. Vumilia. Mbele hapo kuna kituo cha biashara. Vumilia mpaka hapo.

Pikipiki ilirukia shimo. Fundo la juu likafunguka lote.

Uzito wa mtoto ulishuka mpaka kiunoni, na Nerima akahisi kichwa cha mtoto kikining'inia nyuma, hewani, juu ya barabara inayokimbia. Vidole havikuwa na kazi tena. Aliinamia mgongo wa Ojiambo kwa kifua, akaibana leso iliyobaki kwa viwiko vyote viwili, kwenye mbavu, kwa nguvu iliyomtoka asikojua.

"Simama! Mkono umekataa! Simama, mtoto anaanguka!"

Ojiambo hakufunga breki kwa ghafla, na hilo ndilo lililowaokoa. Alipunguza mwendo, akaingia ukingoni, akateremsha miguu yote miwili, kisha akapeleka mkono nyuma akaishika nguo ya mtoto kabla hata hajazima injini.

"Nimemshika," alisema. "Mama, achia. Nimemshika mimi."

Lakini viwiko havikukubali kuachia. Ilibidi ambembeleze.

Alimketisha kwenye nyasi, kwenye kivuli cha kichaka, mtoto akiwa kwapani mwake anapiga kelele. Nerima alikuwa analia na hakuweza kupandisha mkono kujifuta. Ojiambo alimtazama kwa makini.

"Umekunywa?"

"Ni ugonjwa. Wa mishipa. Joto likizidi mikono inakufa."

Alitoa chupa ya maji kwenye pikipiki, akamlowesha shingo na kichwa, akamnywesha. Alifanya hivyo kwa mkono mmoja, wa pili umemshika Trevor, ambaye sasa alikuwa amenyamaza akivuta zipu ya jaketi lake.

"Basi si shida," alisema. "Mimi nimelea saba. Nafunga huyu vizuri, fundo ya kweli, twende pole pole mpaka nyumbani kwako. Hakuna mtu ameona."

Nerima alimtazama mtoto. Hakuna mtu ameona. Ingewezekana. Wangefika, angefunga mlango. Na kesho? Na huyu mtu wa boda hatakuwepo kesho, wala Vincent. Atakuwepo yeye na mikono hii tu, na mtoto anayejitupa nyuma akikasirika.

"Simu yangu iko mfukoni," alisema. "Siwezi kubonyeza. Mpigie bibi yake. Benedeta. Mwambie aje."

"Una hakika?"

"Mwambie mtoto ni mzima. Anza na hilo."

Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko kitu chochote alichowahi kungoja. Ojiambo hakuuliza zaidi. Malori mawili ya miwa yalipita, vumbi likawafunika, likatua. Nerima alijaribu kukunja vidole. Kidole gumba kilikunjika.

Benedeta alikuja juu ya pikipiki ya jirani, bila kitambaa kichwani, gomesi ameishika magotini, mikono myeupe kwa unga wa muhogo mpaka viwikoni. Aliruka kabla pikipiki haijasimama. Hakumtazama Nerima. Alimchukua mtoto, akampapasa kichwa, shingo, mgongo, miguu, akimpaka unga kila mahali. Alipomaliza kumkagua, akageuka, na Nerima akajikaza kupokea kofi.

"Umedanganya Lillian."

"Ndiyo, mama."

"Umefunga mtoto na hiyo mikono."

"Ndiyo."

"Ningezika mjukuu leo! Nakuja hapa nikifikiri nakuta damu!" Akambana mtoto kifuani. "Nilisema mimi. Si nilisema? Mikono yako haiwezi!"

"Ulisema kweli kuhusu mikono, mama," Nerima alisema. "Mikono haitapona. Daktari alisema, nikaogopa kukuambia. Hata nikifanya mazoezi mpaka nizeeke, haitapona yote. Lakini uliniambia nije mikono ikipona. Sasa nije lini? Amekuita wewe mama. Nimesikia kwa simu."

Benedeta alimpangusa mtoto unga usoni. Ojiambo na yule dereva mwingine walisogea mbali, wakajifanya wanatazama gurudumu.

"Anaita kila mtu mama," Benedeta alisema kwa sauti ya chini. "Anaita kuku mama. Anaita ile sufuria."

Akakaa kwenye nyasi. Hakukaa karibu sana. Walikaa hivyo, mtoto katikati, mpaka Trevor alipotambaa akashika bangili ya jinzi kwenye mkono wa Nerima, akaanza kuitafuna. Nerima hakuthubutu kusogea.

"Hii ni nini?" Benedeta aliuliza.

"Mchanga. Ya kutuliza mkono. Nilipewa Tororo."

"Huko Tororo wanasema nini?"

"Wanasema nikulete."

Walikwenda. Phiona aliposikia habari ya barabarani alikasirika kwelikweli, na hakuificha. Alimwambia Nerima kwamba safari hii mtoto amepona kwa sababu ya dereva mwenye akili. Kisha akamgeukia Benedeta, aliyekuwa amekaa wima na mkoba magotini kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

"Haya mazoezi yatamponya?" Benedeta aliuliza.

"Hapana, mama."

"Sasa ya nini?"

"Ya kujua nini anaweza na nini hawezi, leo. Kesho tunapima tena. Kunyanyua mtoto akiwa amesimama, hawezi. Maji moto, hawezi. Kufunga mgongoni, hawezi, hata kama ameudhika namna gani." Alimtupia Nerima jicho. "Kulisha, anaweza. Kuvalisha kwenye mkeka, anaweza. Kumpakata amekaa, anaweza saa nzima. Kuogesha, anaweza kama mtu mwingine anamshika mtoto na yeye anasugua. Mtoto hahitaji mikono miwili ya mtu mmoja. Lakini mama yake anahitaji kuwa naye."

Benedeta hakusema amekubali. Aliomba aonyeshwe. Phiona akamwonyesha, na siku hiyo yote walikuwa chini kwenye mkeka, wanawake watatu na mtoto mmoja mwenye hasira. Benedeta alikuwa na tabia ya kunyoosha mkono kumsaidia Nerima kabla hajashindwa, na kila alipofanya hivyo Phiona aliushika mkono ule akaurudisha. "Ngoja aseme," alimwambia. Mara nyingine Nerima alisema. Mara nyingine alikaa kimya kwa ubishi mpaka uji ukamwagika, na yeye na Benedeta wote wakakasirika.

Trevor alirudi Busia, na Lillian akaja naye kukaa. Ilikuwa sharti la Benedeta, na Nerima alilimeza kwa taabu, kwa sababu msichana yule hakuwa amemsamehe ule uongo na alionyesha. Vincent aliporudi kutoka Juba alikuta mipango imekwisha kupangwa. Alipoambiwa yaliyotokea barabarani alitoka nje, akakaa ndani ya lori lake peke yake kwa muda mrefu. Alipoingia ndani alimwambia mkewe kwamba siku ile ya beseni alipaswa kusema neno, na hakusema. Nerima alimjibu ni kweli, hakusema. Hawakuirudia habari hiyo tena.

Kibebeo chenye vibana kilipatikana, lakini kufikia wakati huo Trevor alikuwa mzito mno.

Ugonjwa haukulala. Msimu wa mvua uliopita ulimshika tena, jicho lilelile pamoja na mguu wa kulia, akalazwa Kisumu kwa dripu, akatoka akiburuta mguu. Alirudi Tororo kuanza karibu na mwanzo, kwenye kijiko, kwenye unga. Kibanda cha chai alikiacha. Sasa anauza sabuni, viberiti na dawa za meno mlangoni pake, vitu ambavyo mteja anajichukulia mwenyewe. Benedeta huja mwisho wa mwezi na muhogo, hukagua mtoto mbele na nyuma kama siku ile, na mara nyingine hulala, mara nyingine hugombana na Nerima akaondoka siku hiyohiyo.

Trevor ana miaka mitatu na hatulii. Anataka kwenda ng'ambo ya barabara, kwa mwanamke anayeuza miwa, kila siku. Pale malori yanapita moja nyuma ya lingine kuelekea mpakani, na Nerima anajua hawezi kuamini kiganja chake, hata siku kinapoonekana kizima. Kwa hiyo hamshiki mkono. Husimama ukingoni, hukaza mguu wa kulia, humwambia, "Shika gauni yangu. Kwa mikono miwili. Ukiachia hatuendi."

Mtoto hushika. Nerima hungoja ahisi nguo ikivutika vizuri pande zote. Hutazama kushoto, ambako jicho haliko sawa, hutazama tena. Lori hupita, joto lake likawapiga usoni.

"Umeshika?"

"Nimeshika, mama."

Ndipo anapoteremsha mguu barabarani.